Alama Nyekundu Kwenye Begi Lako

Kwako Rehema,

Kesho asubuhi usishtuke ukikuta begi lako limechorwa X kubwa nyekundu, upande ule wa zipu. Hakuna mwizi aliyeingia. Aliyechora ni Mama Tulizo wa vitumbua, chaki ni yangu ya kushonea, na mie nilikuwa nimesimama palepale namwangalia. Baadaye nilichukua kitambaa chenye maji nikaanza kuifuta. Ikafifia kidogo, nikaacha. Sababu ya kuacha ndiyo barua yenyewe.

Salamu naziruka. Leo umeniamkia asubuhi, ukaniamkia mchana, ukaniamkia tena jioni uliporudi kutoka Kigamboni kuwaaga shangazi zako, na mtoto anayemwagia baba yake shikamoo namna hiyo ana jambo. Habari za baridi ya Dodoma, mafuta ya kupaka, kufunga mlango na kutoishi kwa chipsi mama yako ameshazimaliza. Nikiongeza la kwangu atasema naingilia idara yake.

Jambo lako nalijua. Jumapili tukiwa mezani uliniuliza, "Baba, siku nikipiga X ya kubomoa ukutani kwa mtu, na hapo nje kuna watu wamejikalia zao kama nyie, mie nitakuwa nani?" Mama yako akasema, "Kula, wali unapoa." Mie nikainama natafuta tundu la sindano. Ukasema, taratibu kabisa, kwamba labda utawapigia simu wa Dodoma uwaambie kazi ya barabara huiwezi. Nikaendelea kutafuta tundu. Sindano ilikuwa na uzi tayari.

Sasa nijibu. Vitabu sina vya kukujibia. Shule yangu mie imekuwa cherehani na kukaa na watu. Nitajibu kwa hivyo hivyo.

Kwanza nikubali kwamba mashtaka ni ya kweli. Mji huu umekula sehemu zetu nyingi za kukaa, na haukusema hata bismillahi. Mama yako nilimwona mara ya kwanza Kinondoni, kwenye bustani ya dansi, amevaa gauni la kijani lililoshonwa vibaya mabegani. Nilimfuata nimwambie habari ya mabega. Mahali penyewe leo wanajazia matairi upepo. Kila tukipita namwonyesha, "Pale ndipo ulipokataa kucheza na mie," naye ananijibu, "Na pale penye pampu ndipo nilipokosea nikakubali." Kile kibanda cha video cha hapa Tandika, ambako jamaa mmoja alikuwa anatutafsiria sinema za Kichina bila kujua Kichina, sasa ni ghala la vigae. Uwanja wa mchangani ambao mjomba wako alivunjikia meno umekuwa ukuta mrefu, na nyuma ya ukuta sijui kuna nini. Nadhani hata ukuta haujui.

Lakini pa kwetu hasa palikuwa barazani kwa Mzee Awadhi. Ulipakuta ukiwa mdogo, sijui unapakumbuka kiasi gani. Duka lake lilitazama barabara, lina baraza pana la saruji, na juu ya baraza palikuwa na benchi la mninga, refu, limeng'aa kwa makalio ya watu na si kwa rangi. Mimi cherehani yangu ilikaa pembeni. Kassimu aliweka birika la kahawa upande wa pili. Mama Tulizo alikaangia vitumbua chini ya ngazi. Katikati watu walicheza drafti kwa visoda na kuongoza nchi. Kuna siku tulibadilisha baraza zima la mawaziri kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyelalamika.

Pale ndipo nilipopata aibu yangu kubwa kuliko zote za ufundi. Kassimu alikuwa anaoa, akaniambia, "Fundi, nishonee suti." Nikamwambia asijisumbue kupimwa, mwili wake naujua, si namwona kila siku? Nikashona kwa macho. Siku ya harusi akaivaa, akasimama, na suruali ikaishia kwenye ugoko kama ya mtu anayevuka mto. Rehema, sikuwa nimewahi kumwona Kassimu amesimama. Miaka yote ile nilikuwa namjua mtu aliyekaa, na akikaa ni wa kawaida kama wewe. Urefu wote wa yule bwana uko miguuni. Alioa hivyohivyo, na picha ipo, na mkewe akitaka kunitania huniuliza kama mafuriko yameshapungua.

Ishike hiyo suruali, nitairudia.

Ikaja X. Tuliamka tukaikuta ukutani kwa Mzee Awadhi, nyekundu, bado inachuruzika, na tarehe chini yake. Waliochora walikuja na gari alfajiri, walishuka kupiga brashi tu, hata maji hawakununua. Mzee Awadhi duka lake liliandikwa na likapata haki yake ya fidia, sina neno kwa hilo. Benchi halikuandikwa popote. Benchi si nyumba wala mnazi, halina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hakina pa kuandikwa.

Mie nikajifanya mwerevu. Nikasema kijiwe nakihamishia kwangu. Nikanunua viti vya plastiki vyekundu, vya mikono, nikavipanga mbele ya nyumba. Watu walikuja, kwa heshima. Kila mtu akakaa kwenye kiti chake, mikono juu ya mikono ya kiti, wakatulia kama wanasubiri kuitwa na daktari. Mazungumzo hayakutoka. Drafti ilichezwa kimyakimya. Kassimu akaniambia, "Fundi, hivi viti vizuri, ila hapa mtu hawezi kumwambia mwenzake sogea."

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Maana ni kweli, benchi lile halikuwa na mlango wala kiingilio, lilikuwa na neno moja tu. Unafika, hata kama hujulikani, unasema "sogea kidogo," na waliokaa wanasogea wakiwa hawajakutazama bado. Ukishasogelewa umekuwa mwenyeji. Mimi nilikuwa nimenunua viti nikidhani nimenunua kijiwe.

Basi ikafika siku yenyewe. Asubuhi tumekaa barazani, tunasubiri katapila kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo. Mama Tulizo akasimama, akajifunga khanga kiunoni. Yeye ni Mhehe, sie Wangoni, na unajua Mhehe na Mngoni ni watani, hakuna neno analoshindwa kumwambia mwenzake. Akanitazama akasema, "Nyie Wangoni wa ajabu. Mmefiwa, mmekaa! Nani atalia, mie mtani?" Halafu akajitupa juu ya benchi, akapiga ukunga: "Yalaa, baraza langu! Nani atanilea mie, baraza langu! Umeniachia hawa Wangoni hawajui hata kulia!"

Tulicheka. Ulikuwa mchezo tu. Lakini utani ukishashika haumwachi mtu. Mwanamke mmoja akatandika mkeka. Jirani yake akaleta wa pili. Vijana wakafunga turubai kutoka dirishani kwa Mzee Awadhi hadi kwenye nguzo ya umeme. Viti vyangu vyekundu, hatimaye, vikapata kazi. Masufuria yakapandishwa motoni, la wali na la maharage. Mzee Awadhi, ambaye hajawahi kutoa kitu dukani bila kukipima, alitoa mchele akageuza uso asione.

Kosa letu ni kwamba tulifanya vizuri mno. Unaijua Dar. Mtu wa hapa akiona turubai, mikeka na sufuria, haulizi. Anavua kofia anaingia. Kabla ya jua kupanda tulikuwa na watu tusiowajua. Mjumbe alikuja amevaa koti, akatoa pole kwa niaba ya mtaa mzima. Wakina mama wa mtaa wa nyuma walileta unga na sukari. Wengine walishuka kutoka Kiwalani, wakakaa, wakalia. Tukawa tunaogopa kusema. Nani atawaambia watu wenye machozi kwamba marehemu ni saruji?

Kulikuwa na bwana mmoja, mtu mzima, analia kupita sote. Nikamsogelea nikamnong'oneza, "Ndugu yangu, samahani, hapa aliyekufa ni hili baraza. Ni utani tu." Akafuta macho, akalitazama baraza, akalitazama benchi. Akasema, "Najua. Nimemsikia mama pale. Siku nashuka na basi kutoka Masasi, sina ndugu mji huu, nilikaa hapo. Mtu aliniambia karibu kahawa, hata jina hakuniuliza." Akaendelea kulia. Mie nikarudi kwenye kiti changu, na tokea hapo sikucheka tena sana.

Katapila likaja. Dereva kuona msiba, akazima injini mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Nyuma yake akashuka kijana mpima, kizibao kinang'aa, kabeba ile mashine ya miguu mitatu. Akaisimamisha pembeni kwa adabu.

"Poleni sana wafiwa."

"Tumeshapoa," tukaitikia.

Akapewa kiti chekundu, akapewa sahani. Akala. Alipofika katikati akamgeukia Mama Tulizo, sauti ya chini, "Marehemu alikuwa anaumwa, mama?"

Mama Tulizo akashusha pumzi. "Hakuumwa, mwanangu. Alipigwa X."

Wali ulimpalia. Tulimpa maji, tukampiga mgongo, na watu wote chini ya lile turubai, wa msiba wa kweli na wa uongo, walikuwa wameinamisha vichwa mabega yanatikisika. Alipopata sauti Mama Tulizo akamuuliza, "Kwanza wewe kabila gani?"

"Mngoni, mama. Wa Songea."

"Hee! Jamani! Mtani wangu huyu! Mfiwa mwenyewe anakula wali kwenye msiba wa nyumbani kwao! Simama. Jeneza litabebwa na ndugu."

Alisimama, Rehema. Angeweza kukasirika, angeweza kuita wakubwa wake, kazi yake ilikuwa inachelewa. Alisimama, akafunga vizuri kile kizibao, akashika benchi upande mmoja. Mie nikashika kati. Upande wa pili akashika Kassimu, na kwa sababu ya ile miguu yake benchi likapanda kwake likashuka kwetu, tukawa kama tunabeba ngazi. Tukaingia barabarani. Magari yalisimama. Malori ya mchanga yalisimama. Mtu wa pikipiki akavua kofia ngumu akaiweka kifuani. Wanawake nyuma wanaimba, Mama Tulizo mbele anatukana Wangoni wote, waliokufa na walio hai, kwa majina. Nimeishi mji huu miaka mingi nikiupisha njia. Siku ile ulitupisha sie, kwa ajili ya kipande cha mbao.

Na wewe ulikuwa wapi? Darasa la tatu wewe, siku hiyo hukwenda shule kwa sababu kulikuwa na msiba. Yule kijana kabla ya kushika benchi alikuita, akakwambia, "Binti, kaa na hii mashine, mtu asiiguse." Bila shaka uliigusa wewe. Tulipofika kule mbele nikageuka, nikakuona umepanda juu ya ndoo umeweka jicho kwenye kioo, hukugeuka hata ulipoitwa. Jioni ukaniambia, "Baba, niliwaona wote. Mmeingia wote kwenye kioo, na benchi, na Mama Tulizo." Nikasema ni vizuri. Sikujua kwamba hapo ndipo unaondoka nyumbani. Nilidhani kesho ndiyo unaondoka, kumbe uliondoka siku ile, ukiwa juu ya ndoo.

Benchi tukaliweka ubavuni mwa nyumba ya Mama Tulizo, na kesho yake baraza likaenda. Nilikwenda kutazama. Lilichukua muda mfupi kuliko kushona kola.

Halafu barabara mpya ikaja, na hapa niseme lile ambalo watu wa kijiweni hawapendi nilitamke. Barabara ilikuja na taa. Unakumbuka umeme ulivyokuwa unatukimbia nyumbani, na wewe unatoka na daftari kwenda kukaa chini ya ile taa ya barabarani, mama yako amekaa pembeni anachambua mchele asikuache peke yako? Hesabu zote zilizokupeleka chuo ulizifanya kwenye mwanga wa kitu kilichotubomolea baraza. Likaja pia lile bango kubwa la kutangaza nyumba za Mbweni, na bango likaleta kivuli, na benchi likakifuata kivuli. Ndipo tulipo hadi leo. Jua likihama tunahama nalo kidogo kidogo, na juu yetu kuna familia inacheka mbele ya nyumba ambayo hakuna kati yetu atakayeinunua. Mzee Awadhi tu ndiye aliyefika Mbweni kweli, kwa mwanawe, na kila wiki anatafuta sababu ya kurudi. Anasema, "Nyumba nzuri sana ile. Ila kila mtu na geti lake. Nimekaa nje mwezi mzima, aliyenisalimia ni paka."

Sasa habari ya leo, wakati wewe uko Kigamboni.

Tulikuwa benchini. Mama Tulizo, umri umekwenda lakini jicho halijakwenda, akaona viatu vyako dirishani vimeanikwa. Wewe ulikuwa umewaambia unakwenda kufanya kazi ya ofisini.

"Baba Rehema," akasema, "ofisi gani hiyo wanavaa buti lenye chuma puani?"

"Ya barabara," nikasema.

Kassimu alikuwa ameshika kisoda, anataka kula kete mbili za watu. Akakiacha hewani. "Barabara ya kawaida, au barabara ya kupiga X?"

"Ya kupiga X."

Siku ya katapila sikuogopa kama nilivyoogopa hapo. Nilikuwa nawaza, hawa ndio waliomlea mtoto huyu, waliompa vitumbua vya bure, waliomtania akakua. Wakimkataa leo, atakwenda Dodoma na nini? Na wewe ungeona nyuso zao jioni, ungepiga ile simu, nakujua. Nikaona niseme yote. Nikawaambia, "Na anataka kukataa kazi, kwa ajili yenu."

Mama Tulizo akakaza khanga kiunoni. Kisha akauliza polepole, "Yaani mtoto wa benchi hili ndiye anayekwenda kushika brashi ya rangi?"

"Ndiye."

"Sasa mnanuna nini?" Akapiga makofi kwa nguvu hadi watu wa kituo cha basi wakageuka. "Si tumeshinda! Miaka yote X inaletwa na watu tusiowajua, hawashuki kwenye gari ila kwa brashi. Safari hii tumetuma wa kwetu!"

Mzee Awadhi akatikisa kichwa akasema, "Yule kijana wa siku ile alikaa kwanza. Ndiyo maana mpaka leo namwombea. Duka langu alilivunja, na namwombea."

"Mie nikimwona leo namnywesha kahawa," Kassimu akasema.

"Leteni begi," akasema Mama Tulizo. "Anataka kukataa? Barua mtu anaweza kubishana nayo, X haina mabishano. Kikishapigwa X kinahama, si ndiyo sheria yao? Fundi, lete chaki."

Ndivyo ilivyokuwa. Walilitoa begi nje, wakaliweka juu ya benchi, na hukumu ikapigwa mbele ya mashahidi. Kassimu alitaka aongeze na tarehe, tukamkatalia.

Basi jibu langu, mwanangu, ni fupi kuliko maelezo yake. Uliniuliza utakuwa nani. Utakuwa fundi. Mie mwenyewe nimeishi kwa kuchora mistari juu ya vitambaa vya watu na kuvikata vipande. Hakuna mteja aliyewahi kunilaumu kwa kukata, wanajua nguo haitoki pasipo mkasi. Aliyenilaumu ni Kassimu, na hakulaumu mkasi. Alilaumu kwamba nilidhani namjua na sikumwambia asimame nimpime. Huko Dodoma wanasema mji unakua kila wiki, vumbi jekundu, barabara mpya hadi macho yanachoka. Utapewa ramani, na kwenye ramani watu hawakai wala hawasimami. Shuka kwenye gari. Watazame wakiwa wamekaa, halafu watazame wakisimama. Siku nyingine mstari utasogea hatua mbili baraza likapona. Siku nyingine hautasogea, utapiga X. Halafu shika benchi upande mmoja.

Simu hiyo usiipige. Au ipige, uwaulize basi linafika saa ngapi, ili mama yako apate la kukukumbusha.

Wakati nakuandikia nimelitazama tena begi. X imefifia pale nilipopitisha kitambaa, lakini inasomeka. Mtu wa Dodoma akikuuliza ni nini, mwambie ni muhuri wa kwetu.

Kesho ukishapanda basi nitakwenda kukaa kama kawaida. Nafasi yako hatutakuwekea, nisikudanganye. Benchi halina tabia ya kuacha pengo, tutasogeleana litaisha. Siku ukirudi, wewe njoo na buti lako na vumbi lako, usijieleze. Simama hapo mbele yetu useme lile neno.

Tutakuwa tumeshasogea kabla ya kukutazama.

Mimi baba yako,
Fundi